UZI: Tunavyohesabu mimea ndani ya msitu wa Amani, na kwa nini orodha isiyo na sampuli siiamini

Mpimamiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mara mbili nimeahidi kwenye nyuzi za wenzangu kwamba nitaeleza jinsi mimea ya msituni inavyohesabiwa, na mara mbili nimekwama. Juzi nimeshuka kutoka Amani, matope bado yako kwenye buti, naandika kabla sijasahau. Ni ndefu, anayesomea kwenye simu avumilie.

Kwa wasiopafahamu, Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti hapo mwaka 1902, na bustani ya mimea waliyoianzisha ipo hadi leo. Hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo nchini, ina hekta zipatazo 8,380. Ukiingilia Zigi ni joto na jasho, ukifika juu unaamka na ukungu dirishani. Maji ya Mto Zigi yanayotoka huko ndiyo wanayokunywa watu wa Tanga mjini. Msitu wenyewe ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Kila mlima umekaa peke yake kama kisiwa, umezungukwa na nchi kavu, na unyevu unaletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Ndiyo maana kuna mimea ambayo ukiikosa hapo hutaiona penginepo popote duniani.

Sasa kazi yenyewe. Hakuna anayehesabu msitu mzima. Tunachagua vipande, tunavihesabu kikamilifu, kisha tunakadiria. Kipande chetu, tunakiita ploti, ni mita 20 kwa 50, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi unapimwa, unapewa namba na unapewa jina. Ndani ya ploti tunatenga visehemu vidogo kwa ajili ya miche na vichaka, maana ukipima mikubwa tu utajua msitu ulivyokuwa zamani, hutajua unakoelekea.

Mahali pa kuweka ploti hatuchagui kwa macho. Hili nalisisitiza. Tunachora gridi kwenye ramani tukiwa ofisini, pale mistari inapokutana ndipo tunapokwenda, hata kama ni kwenye korongo ambalo kila mtu anatamani tulipite. Mtu akiachiwa achague mwenyewe atachagua pazuri, penye miti mikubwa na ardhi tambarare, na msitu wake wa kwenye karatasi utakuwa tajiri kuliko ule wa kweli.

Timu yetu ni watu sita: wa dira, wawili wa utepe na kamba, mwandishi, mpandaji, na mzee wa miti. Huyo wa mwisho ndiye nguzo. Simtaji jina hapa kwa kuwa sijamwomba ruhusa, lakini kwenye ripoti yetu limo, na nitaeleza baadaye kwa nini hilo kwangu ni jambo kubwa.

Kipenyo kinapimwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, wenyewe tunasema dibiechi. Kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti. Mti ukiwa na mizizi iliyotanda kama mbao ubavuni, unapanda sentimita 50 juu ya pale mizizi inapoishia ndipo unapima, na unaandika urefu uliopimia ili atakayekuja baada ya miaka mitano apime palepale. Utepe wa fundi cherehani unakupa mzingo, ugawe kwa 3.14. Nimeona fomu nzima ambayo nusu ni mzingo na nusu ni kipenyo kwa sababu waandishi walibadilishana mchana. Ile siku ilipotea yote.

Na mteremko wenyewe lazima uurekebishe. Mita 20 za ramani ni mita 20 za usawa. Kwenye mteremko wa digrii 30 unatakiwa uvute kamba mita 23.1 ndipo upate hizo 20. Usipofanya hivyo ploti za milimani zote zinakuwa ndogo kuliko za bondeni, halafu unashangaa kwa nini milimani kuna miti michache.

Jina la mti ndilo linalokula muda. Majani yako mita 30 juu, kiza, mvua ya jana inadondoka machoni. Mzee wetu haangalii juu kwanza. Anaweka kiganja kwenye gome, anazunguka, anatazama kilichoanguka chini: jani kavu, tunda lililoliwa nusu na kima, ganda. Kisha anakwangua gome kidogo kwa ncha ya panga, ukubwa wa ukucha, anasubiri. Mtambara, ambao ni jamaa ya kungumanga, unatoa utomvu mwekundu kama damu. Jamii ya mkuyu inatoa maziwa. Mkulo unanukia kafuri. Ananusa, anakaa kimya, anasema jina la Kisambaa. Akiwa na shaka anasema, "Huyu simjui vizuri, mwanangu, tumchukue." Kumchukua maana yake mpandaji apande, au tufyatue kamba kwa manati ipite juu ya tawi, tuvute mpaka tupate kitawi chenye majani, na Mungu akijalia chenye ua au tunda.

Kitawi hicho ndiyo sampuli. Tunakata vitatu au vinne vinavyofanana, vyote namba moja, tunavilaza kwenye magazeti, tunavibana kwenye presi ya mbao na mikanda. Namba inaandikwa kwa penseli, kalamu ya wino inaoga mvua. Kwenye daftari tunaandika yale yatakayopotea kitawi kikikauka: rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu, urefu wa mti, ulisimama bondeni au mgongoni mwa kilima. Jua likikosekana siku tatu mfululizo, na Amani hukosekana, tunayafunga magazeti kwenye mfuko wa plastiki na kuyalowesha spiriti yasiote ukungu mpaka tufike penye jiko la kukaushia. Moja ya sampuli hubaki nchini, kwenye herbariamu, ile maktaba ya mimea iliyokaushwa.

Sasa sababu ya kichwa cha uzi huu.

Kazi yangu ya kwanza, miaka mingi nyuma, nilikuwa mwandishi wa fomu kwenye mradi mmoja mlima mwingine. Muda ulikuwa mfupi, presi ilibaki kambini. Tuliandika majina ya wenyeji tu, jioni tukafungua orodha ya zamani ya majina na kuyageuza kuwa ya kisayansi. Mshai ukawa Albizia gummifera, wote. Lakini mshai kwa wenyeji unabeba zaidi ya aina moja. Kuna huo gummifera, ambao kijani chake, yaani jani dogo, kina umbo la mraba uliopinda na kona moja imechomoza kama sikio, na kuna Albizia schimperiana ambao vijani vyake ni vidogo zaidi na chini vimepauka. Kwa mtu wa mbao na kivuli ni mti mmoja. Kwa anayehesabu aina ni miwili.

Ingekuwa hivyo tu ningesema kosa dogo. Kubwa ni hili. Ploti za bondeni tulifanya na mzee mmoja, ploti za juu tukafanya na mwingine wa kijiji cha mbali, kabila tofauti. Wa kwanza alikuwa na tabia ya kuunganisha, jina moja kwa miti inayofanana. Wa pili alikuwa anapambanua, hata mti mchanga na mkubwa aliwapa majina mawili. Ripoti ikatoka ikisema juu ni tajiri wa aina kuliko bondeni. Watu wakaijadili, wakaitafutia sababu kwenye udongo na mvua. Tulichokuwa tumepima ni tofauti ya wazee wawili. Niligundua miaka kadhaa baadaye niliporudi na sampuli mkononi, na hakukuwa na namna ya kusahihisha ile ya zamani kwa sababu hapakuwa na kitawi hata kimoja cha kwenda kutazama.

Kwa hiyo mtu akinionyesha orodha ya mimea ya msitu fulani, swali langu la kwanza ni: sampuli ziko wapi na namba zake ni zipi?

Karibuni kwa maswali. Naweka kituo hapa kwa leo.

Binti wa Muheza

Asante sana kaka. Mimi nimekulia huko na sikujua kwamba kuna watu wanalala msituni kuhesabu. Bibi yangu alikuwa akitutuma tukaokote matunda ya msambu, mbegu zake zina mafuta. Huo nao mnaukuta?

Mpimamiti

Tunaukuta sana dada. Allanblackia stuhlmannii. Na hapo kuna jambo zuri la kuangalia: mti dume na mti jike ni tofauti, kwa hiyo usishangae mkubwa kabisa usio na tunda hata moja. Bibi bila shaka alikuwa anajua ipi ni ya kuipita.

Binti wa Muheza

Ndiyo! Alikuwa anasema "huo hauzai, msihangaike nao." Sisi tulidhani umezeeka.

Mwanafunzi wa Misitu

Shikamoo mkuu. Niko mwaka wa tatu, nataka kufanya mradi wangu kwenye msitu wa hifadhi. Maswali mawili. Kwanza, ploti ngapi zinatosha? Pili, msimamizi anataka fahirisi ya Shannon, naijua fomula lakini sielewi inaniambia nini.

Mpimamiti

Marahaba mdogo wangu. Maswali mazuri, nitajibu kwa kirefu.

La kwanza. Chora mchoro: chini weka idadi ya ploti, pembeni weka idadi ya aina ulizokusanya hadi hapo. Ploti ya kwanza yote ni mapya. Ya pili mapya machache kidogo. Mstari unapanda, unaanza kulala. Ukilala kabisa umemaliza, ila msitu wa mvua wa kitropiki karibu haulali. Kila ploti inakuja na mgeni wake. Kwa hiyo usiulize "nimemaliza?" Uliza "ni aina ngapi sijaziona?"

Kuna njia rahisi inayoitwa Chao, na uzuri wake ni kwamba inatumia zile aina adimu. Tuseme, na hii ni mifano ya kubuni tu, umeona aina 84. Kati yake 30 umeziona mara moja tu, mti mmoja kila aina. Nyingine 12 umeziona mara mbili. Chukua 30 mara 30, ni 900. Gawa kwa mara mbili ya 12, ambayo ni 24. Unapata 37.5. Jumlisha na 84: makadirio ya chini ni aina kama 121. Maana yake karibu theluthi hukuiona. Zikiwa nyingi ulizoziona mara moja na chache ulizoziona mara mbili, ujue bado uko mlangoni.

Lakini tazama inasimama juu ya nini. Inasimama juu ya zile aina za mara moja. Ukikosea jina la mti mmoja ukaandika jina geni, umetengeneza aina ya mara moja ambayo haipo, na makadirio yanapaa. Takwimu haziponyi jina bovu, zinalikuza.

La pili. Shannon inapima aina ni ngapi na pia miti imegawanyika vipi kati ya aina hizo. Chukua misitu miwili, kila mmoja una miti 100 na aina 10. Wa kwanza kila aina ina miti 10. Wa pili aina moja ina miti 91 na tisa zilizobaki zina mti mmojammoja. Orodha zinalingana, kumi kwa kumi. Ukiingia ndani huhitaji mtu akuambie kwamba si sawa. Shannon ya wa kwanza ni 2.30, ya wa pili ni 0.50. Namba hizo hazina sura, kwa hiyo zigeuze: chukua e, ile 2.718, uipandishe kwa hiyo fahirisi. Wa kwanza unapata 10. Wa pili unapata 1.65. Yaani msitu wa pili una aina kumi kwa orodha, lakini kwa mwenye kutembea ndani yake ni kama una aina moja na nusu. Andika hiyo namba ya pili kwenye ripoti yako pamoja na fahirisi, msomaji ataelewa.

Na hali hiyo si ya kubuni. Msitu wa Ituri kule Kongo una sehemu ambazo mti mmoja, Gilbertiodendron dewevrei, umetawala karibu paa lote.

Kisiki cha Mvule

Mkuu nimesoma yote. Swali la mtu wa nje: siku hizi kuna satelaiti na ndege zisizo na rubani, na kuna programu ya simu unapiga picha jani inakupa jina. Kwa nini bado mnatambaa na kamba?

Mpimamiti

Ndege isiyo na rubani ninaitumia na ninaipenda. Inaonyesha paa la msitu, inaonyesha mwanya ulipoangukia mti, na kwa aina chache zenye rangi ya pekee wakati wa maua unaweza kuzihesabu kutoka juu. Ila ukishuka chini ya paa ndiko kwenye wingi. Wataalamu Gentry na Dodson walihesabu kila mmea, si miti tu, kwenye sehemu ya kumi ya hekta ya msitu wa mvua wa Río Palenque, Ecuador, wakatoa matokeo mwaka 1987: aina 365. Eneo dogo kama ploti yangu! Sehemu kubwa ilikuwa mimea midogo ya chini, inayotambaa, na ile inayoota juu ya matawi ya wenzake. Hiyo satelaiti haiioni.

Programu ya simu inajua ilichofundishwa. Mimea ya bustani inaitaja vizuri. Mmea ambao picha zake duniani ni chache haiwezi kuutambua, na badala ya kunyamaza inakupa jina la jirani yake, mara nyingi wa bara jingine. Mimi naitumia kupata familia, basi.

Mfano mwepesi ni jamii ya kahawa. Chini ya msitu wa Amani vichaka vyake ni vingi mno, na kwa picha vyote ni majani mawili ya kijani yanayotazamana. Unachotakiwa kuangalia ni kile kijani, yaani jani dogo kabisa, kilichobanwa katikati ya vikonyo viwili, kama ulimi. Kimechongoka au kimegawanyika mara mbili? Kina manyoya? Kinadondoka mapema? Unahitaji lenzi ya mkononi na subira.

Mama Kitalu

Naomba nichangie upande wangu. Nina kitalu cha miche ya asili, wateja wangu wengi ni vikundi vya kurudisha misitu. Ripoti za uchunguzi ndizo tunazotumia kujua tupande nini wapi. Mwaka mmoja tulipewa orodha ya mlima fulani, tukaotesha miche mingi ya aina moja iliyotajwa humo. Tulipofika kupanda, wazee wa pale wakatuambia mti huo hawajawahi kuuona kwao. Jina lilikuwa limekosewa. Tuligawa miche kwa shule. Kwa hiyo haya anayoyasema Mpimamiti si ya wasomi peke yao, yanafika mpaka kwenye viriba vyetu.

Mpimamiti

Mama, umesema jambo ambalo sikulifikiria nilipoandika. Pole kwa hasara hiyo. Kama unaweza, ripoti mnayopewa ikiwa na namba za sampuli, pigeni simu herbariamu ilikopelekwa, watu wa kule husaidia. Herbariamu ya taifa iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ya kwao. Sampuli nyingi za kale zilizokusanywa Amani ziko Nairobi, kwenye herbariamu ya Afrika Mashariki.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Umesema utaeleza kwa nini jina la mzee kuwemo kwenye ripoti ni jambo kubwa. Nasubiri.

Mpimamiti

Nimelikawiza kwa kuwa linanigusa.

Kwenye ile kazi ya kwanza, ripoti ilikuwa na ukurasa mzima wa shukrani. Wafadhili, ofisi, madereva. Wazee wawili waliotupa kila jina lililokuwemo waliandikwa "wasaidizi wa kijiji". Basi. Matokeo yake si ya heshima tu. Kama kila jina lingekuwa limeandikwa pembeni yake "limetajwa na fulani", yule aliyechambua angeona mara moja kwamba juu na bondeni zilitajwa na watu tofauti. Kosa lingefichuka siku ileile. Kuficha jina la mtaalamu kulificha na kosa.

Sasa tazameni inavyokuwa watu wakitambuliwa. Mwaka 2019 ulitangazwa mti mpya kwa sayansi kutoka hapohapo Usambara, wenye maua meupe, ukaitwa Mischogyne iddii. Hilo iddii ni heshima kwa Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa Hifadhi ya Amani. Jina lake litasomwa muda wote ambao watu wataendelea kusoma majina ya miti.

Na Udzungwa, mwaka huohuo 2019, kwenye uchunguzi wa mimea katika misitu ya Boma la Mzinga na Uluti, Watanzania Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma walisimama mbele ya mti ambao hawakuweza kuupa jina. Si mche wala kichaka, ni mti unaofika mita 40. Ukatangazwa mwaka 2025 kwa jina la Tessmannia princeps. Mimi hiyo habari niliisoma mara tatu. Mti mkubwa hivyo, na sayansi haikuwa nao kwenye daftari! Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki kilianza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1952, kikamalizika mwaka 2012 kikiwa na aina 12,104 za porini. Miaka sitini ya kazi, na bado mti wa mita 40 haukuwemo. Ulipatikana kwa sababu mtu anayeijua miti mingine yote alipita hapo na kusema: huyu si yeyote kati ya ninaowajua.

Kusema "simjui" kwa uhakika ni elimu ya juu kabisa kwenye kazi yetu. Mimi bado sijaifikia. Mzee wetu ameifikia.

Kisiki cha Mvule

Hapo nimekuelewa kabisa mkuu. Naomba umfikishie mzee salamu zangu.

Fundi Chuma

Kwa upande wa vitendo: mnaweka alama gani za kudumu? Sisi kwenye mradi wa kaboni tuliweka vyuma vya nondo kwenye kona, tuliporudi vyote vimeng'olewa, vimeuzwa chuma chakavu.

Mpimamiti

Kila mtu amepitia hilo. Sasa tunazika nondo fupi ikafunikwa kabisa na udongo, juu tunaweka bomba la plastiki la rangi ambalo halina soko. Pia tunapima umbali na mwelekeo wa dira kutoka kila kona hadi miti mitatu mikubwa, kwa hiyo hata alama zote zikipotea tunaipata kona. Jipiesi pekee haitoshi, chini ya majani mazito inaweza kukupeleka mita nyingi pembeni. Vibati vya namba tunavitundika kwa msumari wa alumini, ukiuacha umechomoza kidogo ili mti unaponenepa usikimeze kibati. Na usipigilie pale unapopimia, gome huvimba na kipimo kinaharibika. Umbali wa kutosha chini au juu, uandikwe kwenye fomu.

Mwanafunzi wa Misitu

Mkuu, nimekutana na neno Maesopsis kila ninaposoma kuhusu Amani. Tuuhesabu kama mti wa msitu au la?

Mpimamiti

Uhesabu, na uweke alama kwamba ni mgeni. Maesopsis eminii ni Mwafrika, kwao ni kuanzia ukanda wa Ziwa Viktoria kwenda magharibi, lakini Usambara aliletwa kupandwa. Ukataji wa mbao kwa mashine, uliosimama mwishoni mwa miaka ya 1980, ulifungua mianya, na yeye ni mpenda mwanga. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanazibeba mbegu mbali kabisa ndani ya msitu. Kuna kichaka kingine mgeni, Clidemia hirta, chenye majani ya manyoya na mishipa mirefu inayoanzia kwenye kikonyo kwenda nchani, utakikuta kwenye njia na penye mwanga.

Hapa ndipo visehemu vya miche vinapolipa. Ukipima miti mikubwa tu unaweza kuona Maesopsis wengi ukaogopa. Tazama chini yao: kwenye ploti zetu mbili za safari hii, chini ya Maesopsis wakubwa miche iliyojaa ni ya wenyeji. Penginepo hali ni kinyume. Hujui mpaka upige magoti.

Ukienda, usisahau vibali mapema: COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti, na wenye hifadhi, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa kuingia na kuchukua sampuli. Na nenda serikali ya kijiji ukajitambulishe kabla hujaonekana na panga.

Binti wa Muheza

Kaka, mmepata mmea wowote safari hii ambao mzee hakuujua?

Mpimamiti

Mmoja. Ploti ya mwisho, mti namba 41, pembeni ya kijito. Kipenyo sentimita 18, gome laini lenye madoa, ukikwangua ni rangi ya krimu inayogeuka kahawia taratibu mbele ya macho yako. Hauna harufu. Majani yanapishana, yanang'aa juu. Mzee aliuzunguka mara tatu, akavunja jani akalitafuna, akalitema. Akasema, "Mwanangu, andika simjui."

Hauna ua wala tunda, na bila hivyo wa herbariamu wanaweza kukupa familia, na kwa bahati jenasi, lile kundi dogo ndani ya familia. Tumekausha vitawi vinne, tumeweka kipande cha jani kwenye chembechembe za kukausha unyevu kwa ajili ya vinasaba. Kwenye orodha tumeandika namba ya sampuli bila jina.

Huenda ni mti wa kawaida ambao umeota vibaya. Kijana wa kijiji aliyekuwa anashika kamba anapita pale kila wiki akienda kwenye mizinga yake ya nyuki. Nimemwachia utepe mwekundu kwenye shina na vocha ya simu. Atanipigia akiona maua.

Mama Kitalu

Akipiga tuambie hapahapa.

Mpimamiti

Nitaurudisha uzi juu siku hiyohiyo, mama.